Funzo la Kitufe Kilichoondolewa

WAHENGA walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Maana yake sote tunaijua: kitu kipya huvutia macho na kuwafurahisha watu hata kama ndani yake mna maumivu. Lakini katika mambo ya kompyuta kimewahi kutokea kisa kilichokwenda kinyume kabisa na methali hiyo. Kilikuja kipya, kimepambwa kwa kila rangi, na wengi waliokipokea hawakukiona kinyemi hata kidogo. Walikiona kidonda tangu siku ya kwanza.

Tunazungumzia Windows 8, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani tarehe 26 Oktoba, 2012. Hapana shaka wako wasomaji watakaouliza gazeti la Visiwani lina haja gani na kisa cha ng'ambo, tena cha miaka mingi iliyopita. Jawabu letu ni hili. Tarehe 14 Oktoba, 2025 Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na tangu hapo ofisi na nyumba zilizokuwa zikiutegemea mfumo huo zimelazimika kuamua ama kuhamia mfumo mwingine, ama kununua mashine mpya, ama kubaki na ule wa zamani kwa hatari yao wenyewe. Kila panapohamwa, manung'uniko hayakosekani. Basi kabla hatujawaita wanaonung'unika wavivu au watu wasiopenda maendeleo, ni vyema tukakumbuka yaliyotokea mwaka 2012, nani alikuwa na haki, na nani mwishowe alirudi nyuma.

Mlango na ukumbi

Kompyuta ni mashine. Kati ya mashine hiyo na mtu anayeitumia ipo programu kuu iitwayo mfumo wa uendeshaji, ambayo huziamrisha na kuzitumikisha programu nyingine zote. Sehemu ya mfumo huo ambayo mtu huiona kwenye kioo, akaigusa kwa kipanya au kwa kidole, ndiyo sura yake. Karani hayajui yanayopita ndani ya mashine, wala hana haja ya kuyajua. Kwake yeye sura hiyo ndiyo kompyuta yenyewe, kama vile kwa mgeni mlango na ukumbi ndiyo nyumba.

Katika miaka ya 1980 watumiaji wengi walilazimika kuandika amri herufi kwa herufi ili mashine iwatii. Kompyuta ya Macintosh ya Apple iliyotoka mwaka 1984 iliwazoesha watu picha na kipanya, na Microsoft ikafuata njia hiyo kwa Windows ya kwanza mwezi Novemba, 1985. Hata hivyo, sura ambayo dunia nzima iliizoea ilikuja tarehe 24 Agosti, 1995, ilipotolewa Windows 95. Chini ya kioo, pembe ya kushoto, paliwekwa kitufe kilichoandikwa neno moja tu la Kiingereza, Start, yaani Anza. Ukikibonyeza, orodha ilipanda juu, nayo ilikuonyesha kila kilichomo: programu, majalada, mipangilio ya mashine, msaada, na mwisho wake amri ya kuzima.

Watu walicheka siku zile. Walisema ni mashine ya ajabu hii, ambayo ukitaka kuizima ni lazima kwanza ubonyeze mahali palipoandikwa Anza. Mzaha huo ulikuwa wa haki, lakini haukumdhuru mtu. Aliyeambiwa mara moja kwamba kila kitu huanzia pembe ile hakuhitaji kuambiwa tena. Mkono ulikariri njia, na akili ikabaki huru kufanya kazi iliyomleta mtu mezani.

Kwa miaka 17 kitufe kile kilikaa pale pale. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba watumiaji wa kompyuta hawapendi kubadilishiwa chochote. Si kweli. Mwaka 2001 ilikuja Windows XP, yenye rangi za buluu na kijani zilizofananishwa na vitu vya kuchezea watoto. Watu walisema wakachoka, kisha wakauzoea mfumo huo na kuupenda kiasi kwamba Microsoft ilipousitisha msaada wake tarehe 8 Aprili, 2014 wengi walikuwa hawajauacha. Mwaka 2007 ilikuja Vista, ambayo ililiondoa hata lile neno Anza na kuweka alama ya duara. Vista ililaumiwa kwa mengi, lakini hakuna aliyepotea njia kwa sababu ya alama ile, kwani mahali palikuwa ni palepale. Aidha, mtu aliyechukizwa na sura ya XP aliruhusiwa kuchagua sura ya zamani na orodha ya zamani, akaendelea na kazi yake. Sura mpya ililetwa, lakini mlango wa zamani haukupigwa misumari.

Kwa nini waliubadilisha

Haitakuwa insafu tukisimulia kisa hiki kana kwamba Microsoft iliamka asubuhi moja ikaamua kuwatesa wateja wake. Kampuni hiyo ilikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka 2007 Apple ilitoa simu ya iPhone, na mwaka 2010 ikatoa kishikwambi cha iPad. Watu walianza kufanya kwa kidole, wakiwa wamekaa barazani, kazi ambazo zamani zilihitaji meza, kiti na kompyuta nzima. Microsoft iliona soko likihama, ikaogopa kuachwa ufukoni kama chombo kilichokosa maji.

Ndipo ikaamua kutengeneza mfumo mmoja wenye sura moja, utakaotumika kwenye kishikwambi cha kuguswa kwa kidole na vilevile kwenye kompyuta ya mezani inayotumia kipanya. Kazi hiyo iliongozwa na Steven Sinofsky, ambaye alikuwa amepata sifa kubwa kwa Windows 7 ya mwaka 2009. Orodha ya pembeni ikaondolewa. Mahali pake pakawekwa kioo kizima cha vigae vya rangi, kila kigae kikiwa mlango wa programu moja, baadhi yake vikibadilika vyenyewe kuonyesha habari na picha.

Kampuni ilikuwa na hoja ya hesabu pia. Ilikuwa ikikusanya takwimu kutoka kwa watumiaji waliokubali kuzitoa, na takwimu hizo zilionyesha kwamba orodha ya Start ilikuwa ikifunguliwa mara chache zaidi kuliko zamani, kwa kuwa watu wamezoea kubandika programu wazitumiazo kila siku kwenye ukanda wa chini. Kutokana na hesabu hiyo wakubwa wakaona kwamba kitufe kile siku zake zinakwisha.

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo kosa lilipozaliwa. Kuhesabu ni ilimu njema, lakini si kila chenye manufaa hupimwa kwa wingi wa kutumiwa. Nahodha wa jahazi huitia nanga mara chache tu katika safari nzima. Angekuja mtu wa hesabu akamwambia, "Nahodha, nanga yako umeitumia mara mbili tu mwezi huu, basi tuiache ufukweni tupunguze uzito," sote tunajua jawabu ambalo angelipata. Kitufe kile kilikuwa nanga ya mtumiaji. Huenda hakukibonyeza kila saa, lakini alijua kwamba siku atakapopotea, pale ndipo pa kurudi.

Waliyoyasema watumiaji

Tena haiwezi kusemwa kwamba kampuni haikuonywa. Mwezi Septemba, 2011 ilitoa toleo la majaribio kwa ajili ya watengenezaji wa programu, na katika toleo hilo kitufe kilikuwapo bado, ingawa kilimpeleka mtu kwenye vigae. Wajuzi waligundua namna ya kuirudisha orodha ya zamani kwa kugeuza mpangilio mmoja uliofichika. Mwezi Februari, 2012 likatoka toleo la majaribio kwa umma. Safari hii kitufe chenyewe kiliondolewa, na ile njia ya uchochoroni ikazibwa. Malalamiko yalikuwa mengi. Kampuni iliyasikia, ikayajibu kwa maelezo marefu ya kwa nini imefanya vile, na ikashika njia yake.

Mapema mwaka huo Mmarekani mmoja alimkalisha baba yake mzee mbele ya kompyuta yenye mfumo huo wa majaribio, akawasha kamera na kukaa kimya. Mzee alikuwa na uzoefu wa kompyuta. Aliviona vigae, akabonyeza kimoja, akajikuta kwenye uwanja wa kazi wa kawaida anaoujua. Kisha akataka kurudi alikotoka. Alitazama chini kushoto, hapana kitu. Alibonyeza huku na kule, akarudia, akashindwa. Mwishowe aliuliza kama watu hawa wanataka kumsukuma anunue kompyuta ya Apple. Picha hiyo ilitazamwa na mamia ya maelfu ya watu, kwani wengi walimwona mle baba yao, au walijiona wenyewe.

Aliyenunua Windows 8 mwezi Oktoba mwaka ule alikutana na mambo mawili makubwa. La kwanza, nyumba yake ilikuwa sasa na kumbi mbili zisizofanana. Ukumbi mmoja ulikuwa wa vigae, ambamo programu mpya zilijaza kioo kizima. Na wa pili ulikuwa ule wa zamani, ambamo kazi za ofisi ziliendelea kufanyika. Mtu alirushwa kutoka ukumbi huu hadi ule bila ya hodi. La pili, amri muhimu zilifichwa. Ili kuzima mashine ilimpasa apeleke mshale kwenye pembe ya kulia, angoje ukanda utokeze, achague mipangilio, kisha alama ya umeme, kisha ndipo azime. Hapakuwa na maandishi yoyote kwenye kioo yaliyomwambia kwamba pembe ile ina kitu. Mlango ulikuwapo, lakini ulikuwa umepakwa chokaa ukafanana na ukuta.

Watu walipokea mabadiliko hayo kwa namna mbalimbali, na ni haki kuzitaja zote. Wapo waliyoyafurahia. Walisema mfumo unawaka haraka kuliko uliotangulia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wenye vishikwambi waliona vigae vinafaa kwa kidole, nalo hilo lilikuwa kweli. Baadhi yao waliwacheka waliolalamika, wakawaambia kwamba ni watu wa kale wanaogopa kujifunza.

Wengine walikasirika waziwazi. Gabe Newell, kiongozi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve, ambaye aliwahi kufanya kazi Microsoft, alisema hadharani mwezi Julai, 2012 kwamba Windows 8 ni balaa kwa wote wanaoishi kwa kompyuta. Na wengine, ambao huenda ndio waliokuwa wengi zaidi, hawakusema neno. Walibaki na Windows 7, na mashirika makubwa yakawaagiza mafundi wao wasiubadilishe.

Ushahidi uliotusadikisha zaidi ulitoka kwa Jakob Nielsen, mtaalamu maarufu wa namna binadamu wanavyotumia mashine. Mwezi Novemba, 2012 alitangaza matokeo ya jaribio alilowafanyia watu 12, wote wazoefu wa kompyuta, hata mmoja wao hakuwa mgeni. Aliona kwamba kumbi mbili zinamlazimisha mtu kukumbuka mambo mawili mahali palipotosha moja; kwamba amri zilizofichwa husahauliwa; na kwamba alama zisizokuwa na kivuli wala ukingo hazimwambii mtu zipi zinabonyezeka na zipi ni mapambo tu. Huyo hakuwa mzee anayeogopa kujifunza. Alikuwa mjuzi aliyekaa na wajuzi, na bado njia iliwapotea.

Wakati huohuo watumiaji walianza kujitengenezea. Palikuwa na programu ya bure iliyoitwa Classic Shell, na nyingine iliyouzwa kwa dola 4.99 iliyoitwa Start8, zote zikifanya kazi moja tu: kumrudishia mtu kitufe chake. Mwaka 2013 Lenovo, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa kompyuta duniani, alitangaza kwamba mashine zake zitauzwa zikiwa na programu ya Pokki yenye kitufe cha namna hiyo. Lifikirini jambo hili, ndugu wasomaji. Fundi ameuza nyumba mpya, na waliomo wanatoa fedha zao wenyewe kumlipa fundi mwingine atoboe mlango palepale ulipozibwa.

Kurudi nyuma

Mwezi Aprili, 2013 kampuni ya utafiti ya IDC ilitangaza kwamba katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ule kompyuta zilizopelekwa madukani duniani zilipungua kwa asilimia 13.9 zikilinganishwa na mwaka uliotangulia, na ikasema Windows 8 haikulisaidia soko bali yaonekana imelipunguzia mwendo. Hatusemi kwamba kitufe kimoja ndicho kilichosababisha hasara yote hiyo. Simu na vishikwambi vilikuwa vimekwisha kuwavuta wanunuzi, na hofu ya Microsoft ilikuwa imetimia. Lakini dawa iliyotungwa kuuponya ugonjwa ilikuwa imeuzidisha.

Mwezi Mei, 2013 Tami Reller, mmoja wa wakuu wa Windows, alikiri katika mahojiano na gazeti la Financial Times la London kwamba ugumu wa kujifunza mfumo ule ni wa kweli. Gazeti hilo lililifananisha jambo hilo na kisa cha Coca-Cola, ambayo mwezi Aprili, 1985 ilibadilisha ladha ya kinywaji chake na kufikia Julai ikalazimika kuirudisha ya zamani. Sinofsky mwenyewe alikuwa ameondoka katika kampuni mwezi Novemba, 2012, wiki chache tu baada ya mfumo kutoka.

Tarehe 17 Oktoba, 2013 ikatoka Windows 8.1, na kitufe kikarudi katika pembe yake. Lakini tazameni namna kilivyorudi: ulipokibonyeza, kilikupeleka kulekule kwenye vigae. Watu walikuwa wamelilia mlango kwa sababu ya chumba kilichokuwa nyuma yake, nao wakapewa mlango mtupu. Wapo walioshukuru, kwa sababu mtu aliruhusiwa sasa kuchagua kuingia moja kwa moja katika uwanja wa zamani. Wengi, hata hivyo, waliona kwamba mkubwa ameyasikia maneno yao bila ya kuisikia maana yake. Kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwani la kwanza lilifanywa kabla ya kuuliza, na hili lilifanywa baada ya kujibiwa.

Suluhu ya kweli ilikuja pale kampuni ilipokubali kukaa na watumiaji. Mwezi Februari, 2014 uongozi wa Microsoft ulishikwa na Satya Nadella. Tarehe 30 Septemba mwaka huo ilitangazwa Windows 10, na jina la 9 likarukwa. Orodha ya zamani ilirudi, na pembeni mwake vikawekwa vigae vichache kwa anayevitaka. Kampuni ilifungua mpango wa kuwaruhusu watu wa kawaida waujaribu mfumo ungali unatengenezwa na watoe maoni yao, na kabla mwezi Oktoba haujamalizika zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamejiandikisha. Mfumo ulitoka tarehe 29 Julai, 2015. Nao ulikuwa na kasoro zake na lawama zake, lakini hakuna aliyelia kwamba haoni mlango.

Yanayotuhusu sisi

Tunayo maoni yetu juu ya kisa hiki, na tunayatoa kwa wananchi na kwa watumishi wa Serikali kwa pamoja.

Kwanza, mazoea si uvivu. Mazoea ya kazi ni ujuzi uliokwisha kuingia mkononi. Mwanamke anayesuka ukili hautazami kila mtanzo anaoupitisha. Angelazimika kuutazama, mkeka usingekwisha. Karani aliyetumia sura moja kwa miaka mingi yuko hali hiyohiyo. Anayembadilishia mahali pa kila kitu anamnyang'anya mali ambayo ameichuma kwa miaka, na ni lazima awe na sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Pili, gharama ya mabadiliko huwa haionekani kwa anayeyaamua. Chukueni mfano wa ofisi yenye makarani 20. Iwapo kila mmoja atapoteza dakika 15 kwa siku akitafuta alichokuwa akikijua, ofisi imepoteza saa 5 kila siku, na kwa siku 20 za kazi imepoteza saa 100. Hapana kitabu cha hesabu ambacho saa hizo zitaandikwa. Zitalipwa na mwananchi aliyetoka Tumbatu alfajiri, akavuka kwa mashua, akapanda gari mpaka mjini kufuata karatasi moja, kisha akaambiwa arudi kesho kwa sababu mfumo umebadilika. Neno hilo "mfumo" limekuwa siku hizi jawabu linalofunga kila mazungumzo, na mwananchi hana la kulijibu.

Tatu, si kila lalamiko lina haki, na sisi hatusemi kwamba mabadiliko yazuiwe. Kama ingalikuwa hivyo tungalikuwa bado tunaandika amri herufi kwa herufi. Namna ya kulipambanua lalamiko la haki ni kuuliza maswali matatu. Je, mtu wa kawaida anaweza kuiona njia mpya kwa macho yake, au ni mpaka aambiwe? Je, njia ya zamani imeachwa wazi kwa muda wa kutosha? Na je, faida ya mabadiliko inamfikia anayetumia, au inamfikia anayeuza tu? Windows XP ya mwaka 2001 ilipita katika maswali hayo ingawa ilichekwa. Windows 8 ilianguka katika yote matatu. Na Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba, 2021, ilipita nusu: ilikihamisha kitufe mpaka katikati ya kioo, lakini anayetaka kukirudisha kushoto akaachiwa ruhusa; ilhali waliozoea kuuweka ukanda wa chini juu au ubavuni mwa kioo walikuta uwezo huo umeondolewa, na wakalalamika kwa haki.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa ofisi za Unguja na Pemba wanaosimamia kuhamishwa kwa kompyuta zao, na hata wanaoleta fomu mpya na taratibu mpya za mashine, wafanye mambo ambayo gharama yake ni ndogo. Wawaulize makarani wa dirishani kabla ya kuamua, wala wasiridhike na maneno ya muuzaji na fundi peke yao. Waijaribu sura mpya katika ofisi moja, wakae nyuma ya karani kimya kama yule kijana aliyekaa nyuma ya baba yake, waone mkono wake unakwama wapi. Waiache njia ya zamani wazi mpaka ile mpya izoeleke. Tena wafundishe kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na Windows yenyewe imekwisha kuwekewa sura ya Kiswahili. Kama kuna wakati ambapo lugha yetu inastahili kuwa juu ya kioo, ni pale mtu anapotafuta mlango.

Nao watumiaji wana wajibu wao. Kunung'unika barazani hakumfikii anayeamua. Wale waliokirudisha kitufe chao walisema kinaga ubaga nini kimeondolewa, wapi, na kazi gani imekwama kwa sababu hiyo. Karani anayeona sura mpya inamchelewesha aandike siku, saa na kazi iliyomshinda, ampelekee mkubwa wake. Na mkubwa huyo asimjibu kwamba atazoea. Pengine atazoea kweli, lakini kabla ya hapo ni haki yake kusikilizwa.

Usiache mbachao kwa msala upitao, wanasema wazee. Microsoft, pamoja na mali yake yote na wataalamu wake wote, iliuacha mbacha ikafuata msala, na ilitumia karibu miaka mitatu kuurudia. Ofisi zetu hazina miaka mitatu ya kupoteza, wala mwananchi wa Tumbatu hana nauli ya safari ya pili. Tunatumaini wanaohusika watalitazama jambo hili mapema, kabla ya mashine mpya hazijashushwa bandarini.